Jamaa ya Hamira

Saa tisa usiku, Ngamiani, Barabara ya Kumi na Mbili.
Huu ndio wakati wangu wa kukanda unga,
lakini leo sikuamshwa na unga.
Nimeamshwa na muwasho.

Nakaa ukingoni mwa kitanda, mapaja nimeyabana
kama mtoto aliyenyimwa ruhusa ya kutoka darasani.
Mhina amelala. Mkono wake uko pale nilipokuwa.
Sijamwambia.

Ningeanzia wapi?
Miaka tisa tumeiomba mimba hii.
Tumeuza kiwanja cha Pongwe, tukauza na friza.
Basi la alfajiri kwenda Dar, mara kumi na nne,
sindano zangu za tumboni ndani ya chupa ya chai
iliyojaa barafu, nimeipakata,
na abiria wa pembeni ananiomba walau kikombe kimoja.
Mayai wakayahesabu kumi na moja.
Yakakubali matano. Wakarudisha mawili.
Likashika moja.

Na aliyepewa moja, akilalamika kwamba anawashwa,
si atanyang'anywa?
Ndivyo nilivyowaza, mtu mzima na kidato changu cha nne.

Kisha ile nyeupe kwenye nguo,
mabonge mabonge, kama mtindi uliokatika.
Nikaigeuzageuza kwenye mwanga nikitafuta wekundu.
Kila niendapo chooni natafuta wekundu.
Wiki ya nane sasa.

Mama mkwe hakuambiwa, alihisi.
Akaniletea ndimu na chumvi ya mawe:
"Jisafishe, mwanangu, usione haya."
Nikamshukuru kwa mikono miwili.
Ndimu nikaikamulia mchuzi wa changu.

Kliniki, benchi la mwisho. Nesi Semkiwa,
miwani imefungwa kwa uzi wa kushonea.
"Nina tatizo… huku."
"Huku wapi?"
"Huku."
"Dada, huku kuna jina. Liseme, haling'ati."
"Ukeni," nikasema.
Neno fupi kuliko nilivyodhani.

Akatazama, akachukua kwa pamba, akavua glavu.
"Fangasi tu."

Tu!
Nimeshaambiwa hilo neno mara ngapi:
mawazo tu, umri tu, jaribuni tena tu.
Kila moja lilikuwa mlango unaofungwa taratibu.
Hili likafungua dirisha, nikalia
mpaka akanipa kipande cha pamba kilichobaki.

"Na mtoto?"
"Mtoto hana habari. Wajawazito wengi huwapata hawa.
Vile vya Dar vya kushikilia mimba usiviache hata siku moja.
Hivi utaweka usiku saba, kwa kidole kisafi,
kile kifimbo chake kitupe.
Vya kumeza usimeze, hata duka likikupa bure.
Umeweka ndimu?"
"Kwenye mchuzi."
"Ibaki huko huko. Unafanya kazi gani?"
"Naoka mikate."
"Basi unamjua. Huyu ni jamaa ya hamira.
Akipata joto na unyevu, anaumuka."

Miaka yote hii, hamira nimeibembeleza mimi,
maji ya uvuguvugu, kijiko cha sukari,
kitambaa juu, na maneno matamu: umuka, baba, umuka.
Leo amekosea bakuli.

Usiku nikamwambia Mhina. Akanyamaza kidogo.
"Ndiyo maana unanikimbia?"
"Ndiyo maana."
Akawasha tochi ya simu, akasoma karatasi ya dawa
yote, hata anwani ya kiwanda,
kisha akachora vijiti saba ukutani, kwa mkaa,
karibu na kalenda ya duka la nondo.

Leo ni kijiti cha tano. Nimelala mpaka saa kumi.
Unga nimeukanda, nimeufunika, naambiwa nitulie:
kinachoumuka hakitaki kufunuliwa kila saa.
Najua. Nimewafundisha wasichana wangapi hayo.

Naenda chooni. Natazama.
Nyeupe, kidogo.
Nanawa, narudi jikoni,
nainua pembe ya kitambaa.